BETRI YA PILI KATIKA LANDROVA
Taa za kambini zisimnyime dereva moto wa asubuhi

Mji wa Tororo umejulikana kwa mambo mawili: jabali lake kubwa lililosimama peke yake, na radi. Kitabu cha rekodi cha Guinness kiliwahi kuandika kwamba katika miaka kumi, tangu 1967 hadi 1976, radi ilisikika Tororo kwa wastani wa siku 251 kila mwaka. Mwenye gari katika mji kama huo, au katika Busia iliyo jirani yake, hupangusa kioo, huwasha taa mchana na hukanyaga matope kwa sehemu kubwa ya mwaka. Gari lake hutumia umeme mwingi hata kabla hajafikiria kuliongezea chombo chochote.

Navyo vyombo huongezwa. Askari aliyejinunulia Landrova au Land Cruiser kuukuu kwa akiba yake hatulii mpaka aweke taa za ziada juu ya paa, redio, friji ndogo ya samaki na maziwa, na mahali pa kuchajia simu. Siku za likizo humpakia mke na watoto wakaenda kulala Majanji kando ya Ziwa Viktoria, au wakaelekea mlima Elgon, ambao kilele chake cha Wagagai kina mita 4,321. Hapo ndipo mkasa unapoanzia, nao aghalabu hufuata njia moja.

Jioni hema husimamishwa, taa hutundikwa, redio huimba, friji hunguruma. Saa nane za usiku mtoto hushikwa na homa kali. Baba hukimbilia gari, huzungusha ufunguo, na injini hujibu kwa mlio mmoja tu, "tik", kisha kimya. Gari ni la dizeli, tena magurudumu yamezama kidogo katika udongo mbichi. Mume na mke hawawezi kulisukuma. Mtoto hufunikwa blanketi mapajani mwa mama, na baba hushika tochi akaenda kumtafuta mtu mwenye gari jingine ili aazime moto.

Akiulizwa siku ya pili, fundi hupima kidogo tu akasema, "Afande, gari lako si bovu. Lina njaa."

Fundi husema kweli. Betri ya kawaida ya gari imetengenezwa kwa kazi ya kishindo. Stata ya injini ya dizeli huvuta ampea mia mbili au zaidi kwa sekunde chache, kisha altaneta hurudisha kilichotumika. Bamba zake za risasi ni nyembamba na nyingi ili umeme utoke kwa wingi mara moja. Ukiilazimisha kutoa umeme kidogo kidogo usiku kucha mpaka iishe, bamba hizo huharibika, na baada ya kufanyiwa hivyo mara chache haishiki moto tena. Betri iliyojaa na kutulia husoma volti 12.7 hivi, iliyofika nusu husoma 12.2; ikishuka chini ya 12, dereva asiitegemee.

Wanajeshi waliijua dawa ya jambo hili zamani. Landrova za jeshi la Uingereza zilizotengenezwa kwa ajili ya kuchukua redio, katika miaka ya 1960 na 1970, zilikuwa na umeme wa volti 24, jenereta ya ampea 90, na betri za redio zilizotengwa kabisa na betri za gari. Mpiga redio aliweza kuongea mpaka betri zake zikafa, na bado dereva akawasha injini. Landrova ya raia ya wakati huo haikuwa na anasa hiyo. Zile za kabla ya 1971 zilikuja na dainamo ya ampea 22 hivi, ambayo injini ikiwa inanguruma polepole haitoi karibu chochote. Toleo la tatu, lililoanza mwaka 1971, lilikuja na altaneta ya ampea 34. Yeyote aliye na gari la dainamo asianze na friji; aanze na altaneta.

HESABU KABLA YA DUKA

Kosa la wengi ni kununua kwanza na kuhesabu baadaye. Hesabu yenyewe ni ya darasa la tano: wati gawanya kwa volti, utapata ampea, ampea zidisha kwa saa, utapata kiasi kilichotoka katika betri. Taa tatu za LED za wati 6 kila moja ni wati 18, yaani ampea moja na nusu. Zikiwaka saa tano zimekula 7.5. Friji ndogo huvuta ampea 4 inapofanya kazi, lakini hupumzika karibu nusu ya wakati. Kwa saa kumi na mbili hula 24. Redio ya kusikiliza tu, ampea moja kwa saa kumi na mbili, ni 12. Simu za nyumba nzima tuzipe 5. Jumla ni 48.5 kwa usiku mmoja.

Betri iliyoandikwa ampea-saa 70 ingekuwa imevuka nusu sana. Kwa hiyo familia hii yahitaji betri ya pili ya ampea-saa 100, ya aina iliyotengenezwa kutoa polepole, ili usiku mmoja ule nusu yake tu. Iwapo wanakusudia kukaa siku tatu bila kuwasha injini, paneli ya jua ya wati 100 huongeza ampea 5 hivi wakati wa jua kali, mradi ipitie katika kidhibiti chake. Kunguruma kwa injini kambini saa mbili kila jioni ni kuchoma dizeli na kuwavutisha watoto moshi.

Taa kubwa za mbele ndizo mwizi asiyeshukiwa. Taa mbili za wati 55 huvuta ampea 9. Kuzitumia kumulika sufuria kwa saa nne ni kumwaga ampea-saa 36.

Betri mbili haziungwi moja kwa moja na kuachwa hivyo, kwa maana zitakwisha pamoja. Kati yake huwekwa swichi nene ijiwashayo yenyewe, ambayo mafundi huiita rilei. Injini ikinguruma na volti kupanda kufikia 13.3 hivi, rilei hufunga na betri zote mbili hulishwa. Injini ikizimwa na volti kushuka hadi 12.8, huachia, na betri ya stata hubaki peke yake. Asiyeweza kuinunua aweza kutumia swichi ya kuzungusha kwa mkono, ambayo ni rahisi na haiharibiki ovyo, ila asahau mara moja tu na mkasa wa Majanji utarudi. Betri za lithiamu zina kifaa chao cha kuzilisha. Zisiunganishwe na ya risasi kwa rilei tupu.

WAYA MWEMBAMBA NI UCHUMI WA UONGO

Mafundi wa Busia, mji ambamo husimuliwa kwamba jina la bodaboda lilizaliwa kwa waendesha baiskeli waliovusha watu kutoka mpaka huu hadi huu, ni hodari wa kubuni. Lakini wengine hufunga friji kwa waya wa spika. Waya wa milimita mraba 1.5, ukienda mita tano nyuma ya gari na kurudi mita tano, hupoteza volti 1.2 kwa ampea 10. Betri ina 12, friji hupata 10.8, nayo hujizima. Mwenye gari hulaumu friji. Waya wa milimita mraba 6 hupoteza 0.3 tu.

Kupoteza volti ni hasara. Kukosa fyuzi ni hatari. Katika magari mengi bodi yote imeungwa kwenye upande hasi wa betri. Waya mkuu wa upande chanya ukipita juu ya bati kali bila mpira wa kuulinda, mtikisiko wa barabara za vumbi utaukwangua mpaka shaba iguse bati. Hapo betri hutoa mamia ya ampea, waya huwa mwekundu kama koili ya jiko, na ngozi yake huwaka pamoja na zulia na viti. Fyuzi ikae karibu na kichwa cha betri, umbali wa kiganja, na kila betri iwe na yake. Fyuzi iliyo mwisho wa waya, karibu na friji, hailindi waya uliotangulia.

Betri za baadhi ya magari, Landrova za Defender zikiwamo, hukaa chini ya kiti cha mbele. Betri ya maji inapolishwa hutoa hewa ya hidrojeni iwakayo, hivyo isifungiwe mahali pasipopita upepo, wala mtu asichungulie maji yake kwa kiberiti. Maji yakipungua huongezwa yale safi yasiyo na chumvi, si asidi. Ukungu mweupe au wa kijani vichwani huoshwa kwa magadi na maji ya uvuguvugu. Asidi ikimrukia mtoto machoni, aoshwe kwa maji mengi yanayotiririka kwa muda wa robo saa au zaidi, kisha apelekwe hospitali. Mama wa nyumba naye aonyeshwe fyuzi zilipo. Betri iliyokufa irudishwe dukani. Risasi yake isiyeyushwe jikoni kwa ajili ya chubwi za nyavu, kwani moshi na vumbi lake huingia damuni, na watoto ndio huumia zaidi.

Yote haya ni kwa gari la mtu binafsi. Gari la serikali lina karakana yake, na koplo asilitoboe bila idhini. Redio ya kurushia sauti yahitaji kibali: nchini Uganda cha Tume ya Mawasiliano, nchini Kenya cha Mamlaka ya Mawasiliano. Kibali hicho kiwe ndani ya gari wakati wa kuvuka kituo cha pamoja cha mpakani Busia, kilichozinduliwa rasmi mwaka 2018.

Kazi ikiisha, safari isianze siku hiyo. Gari liegeshwe uani, vyombo vyote viwashwe saa moja jioni kama kambini, na mlango ufungwe. Saa kumi na mbili asubuhi betri ya stata ipimwe: isome si chini ya 12.5. Ya pili isome 12.2 au zaidi. Kisha ufunguo uzungushwe.