Siku ya Mizani: Wapagani wa Leo na Sikukuu Yao ya Mavuno

Katika jimbo la Somerset, magharibi ya Uingereza, ambako mitufaha imetanda mabondeni kama minazi ilivyotanda katika pwani yetu, nilialikwa mwaka mmoja, alasiri ya tarehe 22 Septemba, nyumbani kwa jirani yangu, mama mtu mzima aliyekuwa mwalimu wa skuli kabla ya kustaafu, nikaiona kwa macho yangu sikukuu ambayo hadi siku ile nilikuwa nikiijua kwa jina tu, na jina lenyewe nilikuwa nimelisikia likitajwa kwa ubaya. Alikuwa ametandika meza ndogo uani, chini ya mtufaha wa zamani uliokwisha kupinda mgongo, na juu ya kitambaa cha rangi ya kutu alikuwa amepanga mkate wa duara alioupika mwenyewe alfajiri, bakuli la matunda madogo meusi ambayo watoto wa mtaani walimchumia katika vichaka vya miiba, bilauri moja ya kileo cha matufaha, mishumaa miwili, mmoja mweupe na mmoja mweusi, na mwanasesere aliyesukwa kwa mabua ya ngano, masuke yakimning'inia kichwani mfano wa nywele. Tulikuwa watu saba, tumevaa sweta na viatu vya matope kama watu watokao shambani.

Baada ya kuwasha mishumaa, mwenyeji wetu alitwaa tufaha, akalikata, si kwa urefu kutoka kikonyoni hadi kitakoni kama tukatavyo sote, bali kwa upana, akatuonyesha vipande vyake: katikati ya ile nyama nyeupe palikuwa na nyota ya ncha tano, na kila ncha ilikuwa chumba cha mbegu. Nilikuwa nimekula matufaha miaka mingi na sikupata kuiona nyota ile. Kisha kila mmoja wetu kwa zamu, kipande chake kikiwa mkononi, alitaja jambo moja alilolivuna tangu mwaka uanze, na jambo moja ambalo angependa kuliacha lianguke pamoja na majani ya miti. Mwanamume mmoja aliyefiwa na mkewe mwezi wa Mei alisema kwamba amevuna viazi ambavyo marehemu alivipanda mwezi wa Aprili, na kwamba jambo la kuacha bado hajalijua, hapana aliyemharakisha. Zamu yangu ilipofika nilishukuru kwa mtoto aliyezaliwa nyumbani kwetu Tanga mwezi ule. Tulimega mkate, tukapokezana bilauri, na kilichobaki mama yule akakimimina taratibu shinani mwa mtufaha, tendo ambalo wazee wetu wangalilitambua mara moja, pasipo kufasiriwa, kuwa ni tambiko.

Hiyo ndiyo sikukuu ambayo Wapagani wengi wa zama hizi huiita Mabon. Huadhimishwa siku ya mlingano wa usiku na mchana, tarehe 22 au 23 Septemba, wakati jua linapoingia katika buruji ambayo wanafalaki wa pwani yetu waliijua tangu kale kwa jina la Mizani. Na jina hilo lafaa sana, kwa kuwa siku hiyo nuru na giza huwekwa katika vitanga viwili, visizidiane.

Msomaji wa Afrika ya Mashariki atahitaji kufikiri kidogo ili aelewe kwa nini mlingano huo uwe jambo la kuadhimishwa, maana kwetu usiku na mchana hukaribia kulingana mwaka mzima, na hata Dar es Salaam tofauti baina ya mchana mrefu kupita yote na mchana mfupi kupita yote haifiki saa moja. Mjini London mambo ni mengine kabisa. Mwezi wa Juni mchana huzidi saa kumi na sita, na mwezi wa Desemba haufiki saa nane. Na mwishoni mwa Septemba ndipo nuru inapopungua kwa haraka zaidi, takriban dakika nne kila siku, hata mtu aliyezoea kunywa chai ya jioni kwenye mwanga huona baada ya wiki mbili kwamba anainywa gizani. Wafasiri wetu wameupa msimu huo jina la vuli, na kwa miezi hawakukosea. Lakini vuli yetu ni mvua ya kupandia, ardhi hulainika na jembe hutoka ghalani, ilhali vuli yao ni mlango unaofungwa, kilichovunwa kimevunwa na ambacho hakikuvunwa kitaozea shambani. Mtu asiyeitia akilini tofauti hiyo hataielewa sikukuu hii, maana shukurani yake ina huzuni ndani, na ndiyo sababu mshumaa mweusi huwekwa sawa na mweupe pasipo kuonekana kuwa kisirani.

Sasa tuliseme neno lenyewe. Mpagani, kwa asili ya Kilatini, alikuwa mtu wa mashamba, mkaazi wa nje ya mji. Baadaye Wakristo wa dola ya Rumi walilitumia kwa mtu asiyeikubali dini yao, na wamisionari walipotufikishia neno hilo lilikuwa limekwisha kuwa tusi. Watu wa Ulaya na Marekani wanaojiita hivyo leo wamelitwaa tusi wakalifanya jina la heshima. Hawana kitabu kimoja wala imani moja: wako wanaomwabudu Mungu wa kike pamoja na Mungu wa kiume, wako wenye miungu mingi, na wako ambao kwao ardhi, maji na majira ndiyo matakatifu yenyewe. Shetani hana nafasi katika dini yao, kwa maana ni mhusika wa dini nyingine.

Baadhi yao, hasa wafuasi wa njia iitwayo Wicca, hujiita kwa neno la Kiingereza ambalo kwa Kiswahili hatuna budi kulifasiri kuwa wachawi, na hapo ndipo fitina ya lugha inapoingia. Kwetu mchawi ni mtu wa kudhuru. Hakuna mchawi mwema, kama vile hakuna mwizi mwema. Mwenye kutibu tunamwita mganga. Wafuasi wa Wicca, walakini, wameweka mbele ya mafundisho yao yote sharti la kutomdhuru mtu, na kwa insafu neno letu haliwastahili. Naomba hili lisemwe wazi, kwa sababu katika nchi zetu wako vikongwe waliouawa kwa neno hilo.

Historia ya sheria nayo ina jambo la kutafakari. Waingereza walitunga sheria juu ya uchawi katika Kenya mwaka 1925 na katika Tanganyika mwaka 1928; kwao wenyewe sheria ya uchawi ya mwaka 1735 ilifutwa mwaka 1951, na miaka mitatu tu baadaye, mwaka 1954, mzee mmoja aitwaye Gerald Gardner, aliyewahi kuwa ofisa wa forodha huko Malaya, alitoa kitabu akiutangazia ulimwengu kwamba dini ya kale ya wachawi ingali hai na kwamba yeye mwenyewe amepokelewa ndani yake. Wanahistoria, akiwamo Ronald Hutton wa Chuo Kikuu cha Bristol, wamelichungua dai hilo kwa makini, na wengi wao wamefikia kwamba dini hii kwa sura yake ya sasa iliundwa katika karne ya ishirini, kwa vipande vya kale na vipya vilivyoshonwa pamoja. Ndiyo hali ya mzunguko wa sikukuu zao nane pia: mataifa ya kale ya Ulaya yalikuwa na baadhi yake, haya hizi na yale zile, lakini kuziunganisha zote nane katika gurudumu moja ni kazi ya miaka ya 1950, iliyofanywa katika duru za Gardner na za rafiki yake Ross Nichols, ambaye baadaye, mwaka 1964, aliunda jumuiya ya Wadruidi, kundi jingine la Wapagani hawa.

Jina la Mabon ni changa zaidi. Lilichaguliwa katika miaka ya 1970, huko California, na Aidan Kelly, aliyekuwa akitafuta kwa sikukuu hii hadithi ya mtoto aliyepotea na kurudishwa, mfano wa ile ya Wayunani juu ya binti wa mungu wa nafaka aliyechukuliwa chini ya ardhi. Aliipata katika ngano za Wales. Mabon, mwana wa Modron, aliibwa ubavuni mwa mama yake akiwa na umri wa usiku tatu, na hakuna aliyejua aliko. Watu wa mfalme Arthur walipotumwa kumtafuta waliwauliza wanyama walioishi miaka mingi kuliko wote, wakianza kwa ndege mweusi, kisha paa dume, kisha bundi, kisha tai, na kila mmoja, baada ya kueleza ukale wake, alisema hajapata kusikia habari za mtoto huyo ila amjua aliyemzidi umri. Mwisho wakafikishwa kwa samaki samoni, naye akawachukua mabegani mwake, akapanda nao mto hadi penye ukuta wa gereza la Gloucester, na nyuma ya ukuta wakamsikia Mabon akilia. Msomaji aliyelelewa kwa hadithi za bibi ataiona ngano hii kuwa ya nyumbani. Lakini ndani yake hamna lolote juu ya mavuno wala mlingano wa Septemba, na kwa sababu hiyo Wapagani wengi wa Uingereza hawalipendi jina hilo, husema tu sikukuu ya mavuno, au, kama ni Wadruidi, hutumia jina la Kiwales, Alban Elfed.

Je, sikukuu iliyoundwa juzi ni ya uongo? Nimelipima swali hili mara nyingi tangu alasiri ile, na jawabu langu ni kwamba siyo. Ibada ya mavuno tuijuayo katika makanisa yetu, ambapo waumini huleta mikungu ya ndizi, majogoo na magunia ya mahindi, na baada ya misa vikanadiwa uwanjani, wengi huidhani kuwa ya tangu na tangu. Lakini katika kanisa la Kiingereza desturi hiyo, kwa namna yake ya sasa, ilianzishwa mwaka 1843 na kasisi Robert Hawker katika kijiji cha Morwenstow, Cornwall. Hapana anayeikataa kwa uchanga wake. Na kwa upande mwingine, watu wa Makunduchi, Unguja, kila mwezi wa Julai huadhimisha Mwaka kwa kupigana kwa mabua ya migomba na kuchoma kibanda cha makuti, sikukuu iliyotokana na Nairuzi ya Waajemi, ambayo mabaharia wetu waliitumia kuhesabu siku za mwaka wa jua kwa miongo. Nao ni Waislamu, wala hawaoni kwamba kuukaribisha mwaka kwa moto kumewapunguzia dini yao. Haja ya kusimama penye mpindo wa mwaka na kufanya hesabu ni ya insani wote, na kila kizazi huivika nguo kilizo nazo.

Si Wapagani wote wanaoadhimisha uani kwa siri ya jirani na jirani. Mjini London, juu ya kilima cha Primrose Hill, ambako mshairi Iolo Morganwg aliwakusanya washairi wa Wales mwaka 1792, Wadruidi huja kila mwaka katika siku ya mlingano wa Septemba, wakiwa na kanzu nyeupe, wakafanya duara mchana kweupe mbele ya watu wanaotembeza mbwa wao. Mahali pa mawe ya Stonehenge hufunguliwa kwa wenye kutaka kulingoja jua. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2021, watu takriban 74,000 wa England na Wales walijiandika kuwa Wapagani, na wengine takriban 13,000 walijiandika kuwa wa Wicca; miaka kumi kabla, Wapagani walikuwa takriban 57,000. Nchini Marekani, tangu mwaka 2007, askari aliyekuwa wa dini hii aweza kuchorewa juu ya kaburi lake nyota ile ile ya ncha tano niliyoiona ndani ya tufaha.

Na wenzao wa Australia na New Zealand, ambako majira yamegeuka, huifanya sikukuu hii mwezi wa Machi, mashamba yao yanapovunwa, kwa kuwa wanafuata ardhi waliyoikanyaga kuliko kalenda iliyoandikwa London. Msomaji wa Kenya hana haja ya kusafiri mbali ili ashuhudie siku yenyewe: na asimame Nanyuki, penye mstari wa ikweta, tarehe 22 au 23 Septemba, muda mfupi baada ya saa sita mchana, achomeke fimbo ardhini ikae wima, naye ataona kwamba kivuli chake kimekwisha.