Rafu mbaya hula mtaji wa duka la dawa

WAFANYABIASHARA wengi wanaofungua duka la dawa Nyanda za Juu Kusini huhangaika sana kutafuta fremu iliyo karibu na stendi au soko. Wakishaipata, hupanga bidhaa kama wangepanga vipodozi: zenye maboksi ya kuvutia mbele, nyingine popote penye nafasi. Hasara huanzia hapo.

Dawa inaweza kuharibika bila kunuka wala kubadilika rangi. Mteja akiuziwa mchele mbovu atarudi kugomba jioni hiyo hiyo, lakini akipewa dawa isiyo yake huenda asijue mpaka mgonjwa azidiwe.

Kanda ya kusini ndiko mageuzi ya maduka haya yalikoanzia. Mwaka 2003 iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA, ambayo tangu 2019 ni Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ilianzisha mkoani Ruvuma mpango wa Duka la Dawa Muhimu, kwa ushirikiano na shirika la Management Sciences for Health la Marekani. Wakati huo vijijini palikuwa na maduka ya dawa baridi, na mengi yaliuza hata dawa za cheti ambazo hayakuruhusiwa kuwa nazo. Wamiliki walitakiwa kuboresha majengo na watoa dawa wakapewa mafunzo. Baadaye mpango ulienea Tanzania Bara, Mbeya na Iringa zikiwemo. Leo maduka hayo husimamiwa na Baraza la Famasi, chini ya Sheria ya Famasi ya mwaka 2011.

Masharti ni yale yale kila mahali, ila hali ya hewa hutofautiana. Vidonge vingi huandikwa kwenye boksi kwamba vikae mahali pakavu, chini ya nyuzi joto 30. Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, au Pawaga katika bonde la Iringa, duka lenye bati bila dari hupita kiwango hicho mchana. Huko fedha ya kwanza iende kwenye dari, madirisha yenye nyavu na kipimajoto cha ukutani kinachosomwa asubuhi na mchana, kisha namba ikaandikwa daftarini. Kipimajoto kisichoandikwa popote ni pambo tu.

Ukipanda kutoka Kyela hadi Tukuyu, adui hubadilika. Tukuyu hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, na tatizo huwa unyevu. Pakiti za ORS hugandamana, vidonge kwenye kopo lililoachwa wazi hulainika, na maboksi yaliyoegemezwa ukutani huota ukungu. Hali kama hiyo huonekana pia Mufindi kwenye mashamba ya chai. Dawa ya tatizo hili ni rahisi: maboksi yakae juu ya chaga za mbao, mbali kidogo na ukuta, na kila kopo lifungwe mara baada ya kuhesabu.

Baridi ya Juni na Julai isimdanganye mwenye famasi yenye insulini kwamba friji haina kazi. Insulini ambayo haijaanza kutumika hutakiwa kati ya nyuzi 2 na 8. Ikigusana na sehemu ya barafu ikaganda, imeharibika, hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Soda na maziwa ya mtoa dawa vitafutiwe mahali pengine, maana friji inayofunguliwa kila dakika haishiki joto lake.

Kwenye rafu, dawa za kumeza zitenganishwe na za kupaka, na spiriti isikae jirani na dawa za maji za watoto. Dawa zenye majina yanayokaribiana zisipangwe bega kwa bega. Metronidazole na mebendazole husomeka karibu sawa kwa mtu mwenye haraka, na siku ya gulio kila mtu ana haraka. Kwa hiyo nafasi ya kuhesabia vidonge ibaki tupu na safi, yenye sinia, kijiko na bahasha za dawa, wala isigeuzwe mahali pa kuwekea simu na chenji. Mtoa dawa asome jina na nguvu ya dawa anapoichukua, na asome tena kabla ya kumkabidhi mteja.

Tarehe ya mwisho wa matumizi ndiyo inayogusa mfuko moja kwa moja. Wengi huweka mzigo mpya mbele kwa kuwa ndio ulioingia mkononi, na wa zamani ukasahaulika nyuma. Tuseme boksi limenunuliwa Sh 60,000 na faida yake ni Sh 15,000. Likiisha muda, mwenye duka lazima auze maboksi manne mengine ndipo arudishe fedha iliyopotea. Itakayowahi kuisha muda ikae mbele, hata kama ndiyo iliyoingia jana. Kadi ya stoo ionyeshe kilichoingia, kilichotoka na tarehe hiyo.

Kwa wenye maduka vijijini lipo jaribu la kuchanganya biashara, hasa msimu wa nyanya pale Ilula, wakulima wanapouliza kila kitu mahali pamoja. Viuatilifu visiingie kabisa katika duka la dawa za binadamu. Mvuke wake na chupa zinazovuja havijui mpaka wa rafu.

Zilizoisha muda ziondolewe rafuni siku hiyo hiyo, zifungwe kwenye boksi lililoandikwa kwa wino mwekundu na kuorodheshwa, kisha mfamasia wa halmashauri apewe taarifa ili ziteketezwe kwa utaratibu. Zikitupwa jalalani huokotwa na watoto, au na mtu atakayezipeleka kuuza gulioni wiki inayofuata.