Mvuvi Hodari, Mwenyekiti Dhaifu

Tarehe 1 Aprili kila mwaka, uvuvi wa omena upande wa Kenya wa Ziwa Victoria hufungwa hadi mwisho wa Julai ili samaki wapate kuzaana. Wenye boti na vibarua wao, waliozoea kutoka usiku usio na mbalamwezi na kuwavuta omena kwa taa, hukaa miezi minne bila pato hilo. Kwenye mialo ya Kisumu, Siaya na Homa Bay, kazi ya kuwaambia wavuvi wasitoke humwangukia mwenyekiti wa BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa ufuo. Anaowakataza ni shemeji zake, wapiga kura wake, na pengine jirani aliyemkopesha mashine ya boti.

Mtu wa kazi hiyo achaguliwe kwa kipimo gani? Ajuavyo ziwa, au ajuavyo watu? Ofisini, hospitalini na benki swali hili huzungumzwa kwa lugha ya vyeti na usaili. Ufuoni jibu lake huonekana upesi, kwa sababu kiongozi akilegea, boti hutoka usiku huohuo.

Kanuni za BMU za Kenya zilitolewa mwaka 2007, na zina jambo ambalo waajiri wengi hawajalifikiria. Kamati huwa na watu 9 hadi 15, na viti hugawanywa: asilimia 30 kwa wenye boti, 30 kwa wavuvi vibarua, 10 kwa wachuuzi wa samaki, na 30 kwa wengine kama mafundi wa boti na wauza vifaa. Wanawake nao wametengewa nafasi. Waliotunga kanuni hawakuanza kwa kuuliza nani mvuvi bora. Waliangalia ugomvi uko wapi, kati ya mwenye boti na kibarua wake, kati ya mvuvi na mama anayenunua kwa beseni, wakaketisha pande zote kwenye meza moja.

Hata hivyo ujuzi wa kazi haukuachwa nje. Chukua suala la kupima wavu. Sheria inataka tundu la wavu wa omena lisipungue milimita 10, nalo hupimwa likiwa limenyooshwa, kutoka fundo hadi fundo la mkabala. Inaonekana rahisi mpaka ukutane na mjanja aliyelaza nyavu mbili pamoja: kila mmoja ukipimwa peke yake ni halali, lakini zikiwa majini tundu halisi ni dogo mno. Mbuta naye ana mipaka yake, asivuliwe akiwa chini ya sentimita 50. Mjumbe wa kamati asiyejua mambo haya atadanganywa mchana kweupe, na atakayedanganywa mara mbili hataheshimiwa tena hata awe mpole namna gani.

Lakini je, kamati zinazoshindwa hushindwa kwa kutojua kupima? Fiona Nunan wa Chuo Kikuu cha Birmingham na wenzake wamezichunguza BMU za ziwa hili kwa miaka mingi, na kinachojitokeza katika maandishi yao ni undugu, hongo na mahusiano ya kijamii yanayofanya iwe vigumu kumkamata mtu unayeishi naye. Rula ipo, na anayeishika anajua kuitumia, ila mwenye wavu ni binamu yake.

Hapa ndipo mjadala wa kawaida unapopotoka. Tukisema kiongozi awe na ujuzi wa watu, wengi tunamfikiria mcheshi, anayesalimia kila mtu, anayefika matangani kabla ya wote. Mtu wa namna hiyo hushinda uchaguzi. Kupendwa ni mali, sikatai. Ila mtu aliyezoea kupendwa ndiye mwenye mengi ya kupoteza siku ya kusema hapana, na siku hiyo mwezi wa Aprili haikosi.

Maofisini kosa huelekea upande wa pili. Mwaka 1955 Robert Katz aliandika katika Harvard Business Review kwamba msimamizi anahitaji ujuzi wa aina tatu: wa kiufundi, wa watu, na wa kuona picha nzima ya shirika. Kadiri mtu anavyopanda, alisema, ndivyo ule wa kwanza unavyopungua uzito. Mwaka 1969 Laurence Peter na Raymond Hull walitoa kitabu cha kejeli kilichodai kwamba kila mtu hupandishwa mpaka afike cheo asichokiweza, akabaki hapo. Watu walicheka. Nusu karne baadaye, mwaka 2019, wanauchumi Alan Benson, Danielle Li na Kelly Shue walichapisha uchunguzi wa wauzaji katika kampuni nyingi za Marekani, na kejeli ile ikaonekana ina ukweli. Waliouza sana ndio waliopandishwa zaidi, lakini wakishakuwa wasimamizi, mauzo ya walio chini yao yalielekea kushuka. Waliozoea kuuza kwa kushirikiana na wenzao waligeuka wasimamizi wazuri zaidi, na hao ndio kampuni hazikuwatazama sana.

Watafiti hao hawakuziita kampuni pumbavu. Cheo ni chambo: ukiacha kumpa aliyeuza sana, wengine watauliza wanajitesea nini. Tatizo ni kutumia kitu kimoja kama zawadi ya kazi iliyopita na kama uteuzi wa kazi nyingine kabisa.

Hasara hii huonekana vizuri wodini kuliko popote. Muuguzi anayepata mshipa wa mtoto aliyekaukiwa maji kwa jaribio la kwanza hufanywa msimamizi wa wodi. Tangu siku hiyo anapanga zamu, anatafuta glavu, anaandika ripoti, na mkono ule hauko tena kitandani. Jacinta Nzinga, Mike English na wenzao, walipochunguza uongozi katika hospitali za umma za Kenya, waliwakuta madaktari na wauguzi walioingizwa katika usimamizi bila maandalizi ya maana, wengi wakijiona bado ni watu wa tiba kwanza.

Basi tuwape uongozi watu wasio wa fani? La. Mwaka 2011 Amanda Goodall alitazama hospitali 100 bora za Marekani katika kila moja ya fani za saratani, moyo na mfumo wa chakula, akakuta zinazoongozwa na madaktari zilikuwa na alama za ubora za juu zaidi, kwa takriban asilimia 25. Huo ni uhusiano tu, haumaanishi udaktari ndio ulioleta alama hizo. Lakini unakubaliana na habari ya nyavu mbili: anayeijua kazi kwa ndani hadanganyiki, na walio chini yake wanalijua hilo.

Utafiti ulionishangaza zaidi ni wa Ben Weidmann, David Deming na wenzao, uliotolewa mwaka 2024. Waliwapa watu kazi za vikundi, wakabadilisha wasimamizi kwa bahati nasibu mara kwa mara, ili waone mchango wa msimamizi mwenyewe. Waliotaka sana kuongoza walifanya vibaya kuliko waliookotwa kwa kura ya bahati, na walielekea kujikweza kuhusu ujuzi wao wa watu. Waliofaa walikuwa wenye akili ya kupambanua na uwezo wa kugawa rasilimali: nani afanye nini, kwa muda gani. Ndani ya boti ya omena jambo hili halihitaji maelezo. Nahodha anayemweka kijana mwenye mikono mizito kwenye taa, na mwenye subira kwenye kuvuta wavu, atarudi na beseni nusu.

Kenya tayari ina chombo cha kupimia kama mtu anaweza kusimamia wengine. Sheria ya Tume ya Utumishi wa Umma ya 2017 inaruhusu mtu kukaimu cheo kwa siku zisizopungua 30 na si zaidi ya miezi 6. (Makaimu waliokaa miaka tunawajua, tuwaache kwanza.) Miezi hiyo huchukuliwa kama kusubiri barua, na mwishoni anayetazamwa ni kaimu peke yake: vyeti vyake, ripoti zake, alivyozungumza kwenye jopo la usaili. Ingetosha kuwatazama pia walio chini yake: zamu zilizopangwa mapema, wangapi waliomba kuhamishwa, nani alijifunza kazi ambayo mwanzoni hakuiweza. Na kwa kuwa ukaimu haujamfunga mtu, muuguzi yule anaweza kurudi kitandani bila aibu, mradi mshahara wake uwe na njia ya kupanda akiwa hapohapo.