Mgeni wa Timu Si Mateka

Katika shule za bweni za Burundi liko neno ambalo mwanafunzi mgeni hulisikia kabla hajafungua sanduku lake: kunyuzura. Wengine, kwa kufuata Kifaransa, huita ubatizo. Wakongwe humwamsha usiku, humwagia maji, humpigisha magoti na kumwimbisha, kisha humwambia kwamba sasa amekuwa mwenzao. Desturi ya namna hiyo haina mpaka wa shule. Kijana akitoka Muyinga kwenda kuchezea timu ya mpira huko Gitega, huenda akaikuta imemtangulia katika chumba cha kubadilishia nguo.

Wanaoitetea husema kwamba hujenga udugu na ukakamavu. Hoja hiyo huwavuta hasa askari, kwa kuwa nao wamepitia mafunzo magumu. Lakini kwata huamriwa na mkufunzi anayejulikana kwa jina na cheo, na mtu akiumia yupo wa kuulizwa. Ubatizo wa usiku hauna mwenyewe. Kesho yake kila mmoja hudai kwamba alikuwa akitazama tu.

Majeshi ya mataifa makubwa yamelipia kosa hili. Mwaka 1995 Kanada ilivunja kikosi chake cha askari wa miavuli, ambacho kilikwisha kuchafuliwa na mauaji ya Somalia ya 1993. Picha za video za jinsi kilivyowapokea askari wapya zikaongeza fedheha. Nchini Ufaransa, Oktoba 2012, Jallal Hami, mwenye umri wa miaka 24, alikufa maji katika chuo cha maofisa cha Saint-Cyr, wageni walipovushwa bwawa usiku ili wafundishwe mila za chuo. Mwaka 2021 mahakama iliwatia hatiani wanajeshi watatu.

Nchi hiyo ilikuwa na sheria ya kukataza mambo hayo tangu 1998, yenye adhabu ya kifungo cha miezi sita; mwaka 2017 michezo ikatajwa waziwazi. Sheria hiyo haijali kama mgeni aliridhia. Ni haki, maana kijana aliye mbali na kwao, anayetafuta namba katika timu, atakataaje mbele ya wenzake wote?

Katika timu ya askari uzito huzidi, kwani mkongwe wa uwanjani aweza kuwa pia mwenye cheo kambini. Hapo mgeni hana wa kumshitakia ila kamanda. Naye kamanda aliyesikia kelele bwenini saa sita ya usiku, akageukia ukutani na kulala, hawezi asubuhi kusema kwamba hakujua.