Tenga chumba cha hesabu kabla fundi hajapiga Windows

HUDUMA ya kawaida ya Microsoft kwa Windows 10, programu inayoendesha kompyuta nyingi za madukani na maofisini, ilikoma Oktoba 14, 2025. Kwa mwenye duka la pembejeo Mugumu, steshenari ya Sirari au ofisi ya AMCOS ya kahawa kwenye vilima vya Tarime, maana yake ni kwamba siku si nyingi mashine itapelekwa kwa fundi "kupigwa Windows" upya.

Kwa fundi hiyo ni kazi ya saa moja au mbili. Kwa mwenye mashine inaweza kuwa hasara ya msimu mzima. Mwenye duka ameweka humo orodha ya waliokopa mbolea na mbegu, ambao watalipa baada ya mavuno. AMCOS imeweka kilo za kahawa alizoleta kila mwanachama na fedha alizokwisha kupokea. Mkulima anayesubiri malipo ya pili hana kitu kingine cha kushika zaidi ya stakabadhi yake na kumbukumbu hizo. Serikali nayo ina lake: Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi atunze kumbukumbu zake kwa miaka 5, na mkaguzi wa COASCO akifika kwenye chama hataridhika kuambiwa kuwa kompyuta ilifutwa.

Kinachofutwa hasa ni nini? Ndani ya kompyuta kuna diski, ambayo ni ghala. Kompyuta nyingi, hasa za mitumba, ghala lake halina ukuta wa kati: Windows, picha za harusi, miziki na hesabu za duka vyote vimerundikwa chumba kimoja kinachoitwa C. Fundi anapofomati C ili aweke Windows mpya, anafagia chumba chote. Ukuta ukijengwa na kupatikana chumba cha pili, kwa kawaida D, fundi anaweza kusafisha C bila kugusa hesabu zilizo D. Chumba hicho mafundi hukiita patisheni.

Wengine huuliza A na B zilikwenda wapi. Herufi hizo zilikuwa za disketi. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilitumia disketi, na ile ya XT ya mwaka 1983 ilipokuja na diski yake ya ndani ya MB 10, diski hiyo ikachukua herufi C. Disketi zimetoweka, herufi imebaki.

Kujenga ukuta hakuhitaji kununua programu. Kwanza nakili hesabu zote kwenye flashi, na kama ni kompyuta ya mezani hakikisha umeme si wa kusuasua siku hiyo, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kazi unaweza kuharibu mafaili. Bonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu ya alama ya Windows iliyo chini ya skrini, kisha chagua Disk Management. Utaona diski imechorwa kama mstari uliogawanywa. Bonyeza kulia juu ya C, chagua Shrink Volume, andika kiasi unachotaka kukitoa C. Hapo kipimo ni MB, hivyo GB 100 huandikwa 102400. Itatokea nafasi yenye utepe mweusi. Ibonyeze kulia, chagua New Simple Volume, fuata maelekezo, na mwisho ipe jina HESABU.

Jina hilo lina kazi yake. Wakati wa kuweka Windows mpya, fundi haoni C na D. Anaona vyumba vilivyoorodheshwa kwa namba na ukubwa, na jina kama lilitolewa. Fundi mwenye haraka akifuta vyumba vyote ili apate diski safi, D nayo imekwenda. Mwenye mashine aandike kwenye karatasi jina la chumba na ukubwa wake, aibandike juu ya kompyuta, na amwambie fundi kwa mdomo kisiguswe. Ikiwezekana akae naye mpaka hatua hiyo ipite.

Vile vyumba vidogo visivyo na herufi viachwe vilivyo. Vina mambo ya kuwashia mashine na kuifufua. Kompyuta za zamani zinazotumia mpango wa MBR haziruhusu vyumba vikuu zaidi ya 4, na nyingine hutoka kiwandani zikiwa tayari navyo vyote. Ukijaribu kuongeza, Windows inaweza kukuuliza kama igeuze diski kuwa "dynamic". Jibu ni hapana, mwite fundi.

Diski ya GB 128 nayo haifai kugawanywa. Windows 11 peke yake inataka mashine yenye nafasi isiyopungua GB 64, na baada ya kuongeza programu na marekebisho C itajaa na kuanza kusumbua. Kwa diski ya GB 500, kuiachia C GB 200 ni zaidi ya kutosha kwa duka la kawaida.

Kosa linalorudiwa sana huja baada ya ukuta kujengwa: D ipo, lakini mtu anaendelea kuhifadhi kwenye skrini ya mwanzo au folda ya Documents. Zote mbili kwa kawaida ziko C. Programu nyingi za uhasibu pia huweka takwimu zake C mpaka zielekezwe kwingine. Aliyeiuza aulizwe mafaili yako wapi, na ayahamishe yeye.

Hata hivyo ukuta hauzuii moto wa ghala zima. C na D ni diski moja. Ikiungua kwa umeme, ikianguka, ikiibwa na mashine au ikipata kirusi kinachofunga mafaili, vyumba vyote viwili huondoka pamoja. Anayenakili hesabu kutoka C kwenda D akadhani ana nakala mbili amejidanganya, na afadhali aliyebaki na daftari la karatasi.

Nakala ya kweli inakaa nje ya mashine. Hesabu za AMCOS za misimu kadhaa, zikiwa ni maandishi na tarakimu tu, mara nyingi hazijazi hata GB 1, kwa hiyo flashi mbili ndogo zinatosha: moja inanakiliwa kila Ijumaa na kulala nyumbani kwa mweka hazina, nyingine inakaa kwa mwenyekiti, na wanabadilishana kila wiki ili isipatikane siku ambayo zote ziko ofisini.