Spana Inayopima Haivuti kwa Nguvu

Msomaji anaweza kujiuliza Idara ya Kiswahili inatafuta nini gereji. Muhula uliopita tulikwenda na wanafunzi wetu Bwizibwera, katika barabara ya Mbarara kwenda Ibanda, kukusanya msamiati wa mafundi. Huko tulionyeshwa spana ya toki iliyoharibika.

Spana hii hupima mkazo wa nati. Ndani ya mpini mna springi. Fundi huzungusha mpini hadi kwenye kipimo anachotaka, tuseme nyutoni mita 100, kiasi kinachokaribia mahitaji ya nati za magurudumu ya gari dogo nyingi. Kipimo kikifikiwa, spana hulia "ka!" Ikumbukwe kwamba mlio huo hauizuii nati, unamwambia fundi aache. Akiendelea kuvuta, nati hukazwa kupita kiasi na spana yenyewe huelemewa.

Ile ya Bwizibwera ilielemewa kwa namna mbaya zaidi. Nati ya lori ilishika kutu. Kijana mmoja akachomeka bomba kwenye mpini, ukafika mita moja, akaning'inia. Hebu tupige hesabu: mtu wa kilo 70 akiweka uzito wake wote hapo, hutoa karibu nyutoni mita 690. Spana ile mwisho wake ulikuwa 200.

Ubaya ni kwamba haikuvunjika. Iliendelea kulia kama kawaida, ila ikawa inadanganya, na magari yaliyokazwa nayo yakaenda zake, mengine kwenye njia ya vumbi ya Nakivale yakiwa na abiria. Mwenye gereji aligundua alipoilinganisha na ya jirani.

Nati iliyogoma hufunguliwa kwa wili spana, kamwe si kwa spana ya toki. Nayo ishikwe katikati ya kishikio na kuvutwa polepole, bila bomba wala nyundo, wala isipitishwe kipimo chake cha juu. Kazi ikiisha irudishwe kwenye alama ya chini kabisa, isishuke zaidi ya hapo. Kwa desturi hukaguliwa kila mwaka au baada ya kutumika mara 5,000. Ikishaelemewa, ikaguliwe siku hiyohiyo.

Sisi tunashuku kwamba kosa limeanzia katika jina. Kinachoitwa spana hutumiwa kama spana. Fundi mmoja Mkongomani aliyewahi kuishi Nakivale aliiita "ufunguo", kwa kufuata Kifaransa, ambacho kina neno moja kwa ufunguo na spana, nalo halisaidii. Wanafunzi walipendekeza "mizani ya nati", kwa kuwa hakuna anayening'inia kwenye mizani. Fundi akacheka: "Mwalimu, mizani ni ya duka la nyama!" Tumeyaandika majina yote matatu katika orodha yetu, "spana ya toki" ikitangulia, maana ndiyo inayosemwa gereji.