Chafya za Asubuhi Kamenge
Mvua zikatikapo Kamenge mwezi Juni, vumbi hutawala hadi Septemba. Mama asikiapo mwanawe akipiga chafya kila asubuhi, hulaumu vumbi peke yake. Lakini nyasi nazo hutoa chavua, unga mwembamba uchukuliwao na upepo, uwezao kumbana pumzi mwenye pumu.

Tabibu Mwingereza Charles Blackley, katika kitabu chake cha 1873, alieleza alivyoinasa chavua kwa vioo vyenye kunata, akaihesabu kwa hadubini. Mtambo wa Hirst wa 1952 huvuta lita 10 za hewa kwa dakika, karibu na pumzi ya mtu.

Kioo kilichopakwa vaselini dirishani hakitataja mmea. Walakini chaonyesha siku ipi godoro lisianikwe nje. Kifua kikilia mluzi, Hospitali ya Mfalme Khaled imo humo humo Kamenge.